Bibi Harusi wa Zamu ya Jioni

Kazi yangu ni kufa. Usinitazame hivyo. Ni kazi kama kazi nyingine: ina sare, ina zamu, ina meneja msumbufu. Kila siku jua likianza kushuka napanda mnara wa taa ulioko mwisho wa ufuo, navaa gauni jeupe na shela, natoka kwenye roshani ya juu na kutembea taratibu, huku wageni waliojipanga mchangani wakininyooshea vidole na kushikana mikono. Wameambiwa mimi ni mzimu wa bibi harusi aliyejirusha baharini zamani, baada ya bwana harusi kutotokea.

Hakuna bibi harusi aliyejirusha. Nakwambia mimi, na mimi ndiye mwenyewe. Mji huu ulianza kwa chumvi. Watu walichemsha maji ya bahari kwenye matanuri makubwa, na mnara ukajengwa ili vyombo vya kubeba chumvi visigonge miamba. Chumvi ilipokosa soko, akatokea daktari mmoja aliyesema maji yetu yanatibu mifupa. Wakaja wagonjwa, likajengwa bwawa la kuogea, ikajengwa hoteli. Wagonjwa nao wakapungua. Ndipo meneja wa kwanza wa hoteli, mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko vitanda, akajiuliza: kila mji wa pwani una mchanga na maji, sisi tuna nini cha peke yetu? Akatunga bibi harusi. Akamvalisha mfanyakazi mmoja gauni, akampandisha mnarani, na wageni wakarudi kwa mabasi.

Siku hizi bibi harusi ana wanasesere wake madukani, ana sabuni yenye jina lake, ana hata benchi ambalo alikaa akilia. Kinyozi wa karibu na bwawa anaapa kwamba bibi wa bibi yake ndiye aliyemsuka siku ya harusi. Kinyozi huyo namjua, na bibi yake alihamia hapa akiwa mtu mzima, kuja kufanya kazi jikoni. Lakini sisemi kitu. Mji mzima unakula kwenye uongo huo, na nani atapiga teke sahani yake mwenyewe?

Kabla yangu bibi harusi alikuwa mama yangu, tangu mimi sijaota meno. Alianza hotelini kama mfua mashuka, akapandishwa cheo kuwa mzimu. Watu wa mji walimjua, na wageni wakiwa mbali walimtania. "Marehemu, leo unakula nini?" Naye alijibu bila kugeuka, "Marehemu hali, ananusa tu." Jina likamganda. Mimi nikawa Mtoto wa Marehemu, na shuleni nilipigana sana kwa ajili ya jina hilo.

Sasa, kuna jambo moja lazima ulielewe kuhusu kazi za mji huu, la sivyo yote nitakayosema utaona ni porojo. Hapa hakuna mtu anayeondoka kwenye zamu bila kupokewa. Awe mlinzi wa geti, mpishi, mwokoaji wa bwawani, ni hivyo hivyo. Anayeingia anasimama mlangoni na kusema, "Zamu imefika." Anayetoka anamweleza kilichoharibika na cha kuangalia. Kisha anasema, "Nakukabidhi," na yule anajibu, "Nimepokea." Hapo ndipo mtu anakwenda zake. Desturi hii ni ya tangu enzi za matanuri, maana moto ulioachwa bila mwenyewe uliwahi kula nyumba za watu. Kuna mlinzi wa geti ambaye mwenzake alimpeleka mke kujifungua akasahau kurudi. Alikutwa kesho yake mchana amesimama pale pale, amefumba macho, anakoroma. Walipomwambia aende akalale alikataa. "Nani kanipokea?" akauliza.

Na mama yangu kwenye zamu alikuwa jiwe. Nikiwa mdogo nilimsubiri chini ya mnara, nikimwona roshani naita, "Mama," na yeye hata shingo haigeuki. Nilipolalamika aliniambia, "Kazini sina mtoto." Lakini mguu wake ukigusa tu ngazi ya mwisho, kabla hata hajavua shela ya kazi, alikuwa anapaza sauti, "Umekula wewe?" Hakuanza na salamu. Alianza na tumbo langu.

Mapafu yake yalipoanza kumsumbua, akashindwa kupanda, aliniita kitandani. "Nishikie kwa muda," akasema.

Mimi nilikuwa na cherehani yangu na wateja wangu, na kazi ya kutembezwa roshani kama nguo ya maonyesho sikuitaka hata kidogo. "Nakushikia tu, Mama," nikamwambia. "Sipokei. Ukipona unarudi kwenye mnara wako."

"Nitarudi," akasema.

Basi nikashika. Msimu wote nilipanda kwa kununa, na meneja hakuacha kunisema kwamba natembea kama ninayekimbilia foleni. Siku ile ya mwisho nilikuwa hospitali, nimekaa pembeni ya kitanda, nikaona pumzi zake zimekuwa fupi. Nikasema leo siendi popote. Akafungua macho na kunikazia. "Nenda. Zamu itakupita." Unabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Nilikwenda. Nilipokuwa juu, nimejifunika shela, najifanya nimekufa na watu wanapiga picha, mama yangu alikuwa anakufa kweli.

Mlinzi wa hoteli ndiye aliyetumwa kunipa habari. Alisimama chini ya ngazi, anazungusha kofia mikononi, hajui aanzie wapi. Mwishowe akasema, "Dada, Marehemu amefariki." Kisha akasikia alichosema, akajishika mdomo, na sisi wote wawili tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga na kicheko kikageuka.

Kitu kilichoniuma zaidi, nitakwambia. Siku ile hospitalini hakuniuliza kama nimekula.

Tulimzika. Kesho yake meneja akaniletea ujumbe kwamba wageni wamefika na mnara unanisubiri. Nikalichukua gauni la kazi, nikalifua kwa hasira, nikalianika kwenye kamba mbele ya nyumba, nikajifungia ndani. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe. Jioni ilipita nikiwa nimelala nimeutazama ukuta.

Asubuhi meneja akabisha hodi. Nilijiandaa kwa matusi, yake na yangu. Lakini alikuwa anatabasamu.

"Pole tena kwa msiba," akasema. "Lakini jana, dada yangu, jana ulitukosha. Watu wamelia. Ule mkono ulivyouinua, siku zote ulikuwa unauficha wapi?"

"Mkono gani?"

"Huu," akasema, akainua wa kwake wa kulia, ukafika nusu, akauacha uanguke taratibu.

Mimi sijawahi kuinua mkono kule juu. Aliyekuwa akiuinua ni mama. Bega lake liliharibika kwa kukamua mashuka, mkono haukupita nusu, na wageni wakidhani ni uchungu wa mapenzi. Nilitazama nyuma ya meneja, kule kwenye kamba. Gauni lilikuwa pale pale nilipolianika, pindo bado halijakauka.

Siku hiyo sikupanda kazini. Nilikwenda ufuoni kama mgeni, nikakaa karibu na meza ya Mama Makombe. Huyu ni shoga wa mama wa miaka yote, anauza makombe ya baharini na mikufu yake, na ulimi wake ni mkali kuliko bidhaa zake. Aliniona, akanisogezea kigoda. Wageni walikuwa wamejaa, watoto wamebebwa mabegani, mpiga picha anawapanga watu waliochelewa. Jua likashuka. Mlango wa roshani ukafunguka.

Akatoka. Gauni jeupe, shela mpaka kifuani, uso hauonekani. Alitembea kwa goti lile bovu la kushoto alilokuwa nalo mama, hatua moja nzima, moja ya kuburuta. Nilihisi baridi inapanda mgongoni na hapo hapo nikahisi furaha, vyote kwa pamoja, hata sikujua nishike kipi.

"Unaona ninachokiona?" nikamuuliza Mama Makombe.

"Namwona tangu jana," akajibu, anafuta kombe kwa kitambaa. "Nilidhani macho yangu yamezeeka."

Niliinuka nikakimbia. Nilipanda ngazi za mnara nikiita, "Mama! Mama!" na nilipofika juu nikakuta mlango uko wazi, upepo mtupu, na kule chini watu wanapiga makofi. Msumari wa nyuma ya mlango, mama anapotundikaga gauni, ulikuwa unatikisika.

Toka siku hiyo nikawa mtazamaji. Kila jioni nilikaa kwa Mama Makombe na kumwangalia mama yangu akifanya kazi. Nilijaribu kupanda tena, nikaita kwa upole, nikaita kwa kulia. Nikifika juu hayupo. Nikaona basi, nisipande. Nikapata utulivu wa ajabu. Mchana nashona, jioni namwona mama. Watu wangapi waliofiwa wanapata hivyo? Meneja naye alifurahi kuliko wote, akaanza kusema tuongeze onyesho la asubuhi. Hakujua anamwambia nani. Nikamjibu, "Huyo wa jioni hataki asubuhi," akaniona nina dharau.

Mji ukajua. Hakuna aliyetamka, lakini ulijua. Mlinzi alianza kuvua kofia akipita karibu na mnara. Mwokoaji wa bwawani aliwatoa watu majini mapema, akakaa ameigeuzia bahari mgongo. Hata kinyozi alifunga duka saa ya onyesho, na alipoulizwa na wageni kuhusu bibi wa bibi yake akasema hakumbuki vizuri. Mzimu wa uongo walikuwa wanauza sabuni zake. Huyu hakuna aliyejua amfanye nini.

Aliyenitibulia ni Mama Makombe. Jioni moja wageni walipotawanyika aliweka kitambaa chini, akaniambia, "Mwanangu, hivi wewe huoni haya?"

"Haya ya nini?"

"Mtu kafa na mapafu yake, kazikwa, udongo umekauka, na bado unamfanyisha kazi. Goti lile hulioni? Kila siku linazidi. Jana kaenda na kurudi mara mbili tu, kasimama."

"Mimi simfanyishi kazi. Anakuja mwenyewe."

"Nani kampokea?"

Nikaokota kombe moja mezani, nikaligeuza mkononi.

"Nakuuliza wewe. Ulimpokea?"

"Nilimshikia," nikasema. "Aliniambia nimshikie."

"Ndiyo hivyo. Umeshika, hukupokea. Marehemu yule unavyomjua, ataondokaje? Tena nikwambie na lingine. Zamani alisimama katikati, watu wote wamwone. Sasa anasimama pembeni, ile pembe ya baharini, amejibana pale kama anaziba mlango. Na mkono wake haugusi ukingo. Anataka kusema kitu na hana wa kumwambia."

Nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwambia auze makombe yake aache mambo ya familia za watu, eti anaona wivu kwa sababu yeye hana mtu wake wa kumwona kule juu. Neno hilo lilitoka kabla sijalikamata. Mama Makombe alikunja meza yake, akaondoka, na kigoda alichonisogezeaga akakichukua.

Usiniambie kwamba nilikuwa mjinga. Nilijua kila alichokisema ni kweli, ndiyo maana nilitukana. Nikipokea, amekwenda. Na mnara unakuwa wangu, mpaka na mimi atokee wa kunipokea. Nilikuwa napima mambo hayo mawili kila nikikaa kwenye cherehani, na kila mara nilijiambia, kesho. Jioni moja tu zaidi.

Halafu ikaja siku ya mvua. Ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua ya kulala, bahari ikawa rangi ya sufuria. Wageni walibaki hotelini wanacheza karata. Meneja alituma neno kwamba leo hakuna onyesho, na mimi nikajua mama naye atapumzika. Lakini saa ilipofika miguu ilinipeleka. Ufuo ulikuwa mtupu, viti vimefunikwa, meza ya Mama Makombe haipo.

Akatoka. Mvua ilimpiga mpaka shela ikaganda usoni. Alijiburuta mpaka pembe ile ya baharini, akasimama, akainua mkono wake nusu, kwa ajili ya mchanga mtupu. Akauacha ukaanguka. Baada ya muda akauinua tena.

Nikasema, basi. Inatosha.

Nilirudi nyumbani, nikavaa gauni, nikatia shela. Sijui watu walionipita njiani walifikiri nini, hakuna aliyenitania. Nilipanda taratibu safari hii. Nilipofika juu mlango ulikuwa wazi na mgongo wake ulikuwa pale, karibu kiasi kwamba niliona uzi uliotoka kwenye mshono wa bega, mshono wangu mimi mwenyewe, niliosahau kuufunga. Alinukia sabuni ya mashuka. Neno lilinijaa mdomoni, lile ambalo nimeliita toka nizaliwe, na nikajua nikilitamka tu atatoweka. Kazini hana mtoto. Nilisimama kizingitini.

"Zamu imefika," nikasema.

Mabega yake yakashuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Hakugeuka.

"Ukingo wa pembe hii umeoza," akasema. Ilikuwa sauti yake ya kazini, kavu, haina haraka. "Chumvi imekula chuma kwa ndani, juu rangi inadanganya. Niliwaambia kabla sijaugua. Hawakuja. Usiegemee."

Msimu mzima niliokuwa namshikia nilikuwa nikichoka naegemea pembe hiyo hiyo, nanuna, nasubiri jua lizame.

"Nimesikia," nikasema.

"Ngazi ya tano kutoka juu inateleza ikilowa."

"Nimesikia."

"Shela usiibane sana, upepo ukiivuta itakukaba."

"Nimesikia."

Mvua ikaendelea kunyesha katikati yetu. Kisha akasema, "Nakukabidhi."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilitaka aseme na lingine, ataje na kitasa, ataje na bawaba za mlango, ataje kila msumari wa mnara ule mpaka asubuhi. Alisubiri. Goti lake la kushoto lilikuwa linatetemeka ndani ya gauni lililolowa, na alisubiri tu, kwa sababu asingeweza kufanya lingine.

"Nimepokea," nikasema.

Akageuka. Shela ilikuwa imemfunika, sikuuona uso. Nilijibana ukutani maana mlango ni mwembamba, akanipita, akashika ukuta kwa mkono mzima kama alivyofanyaga siku zote akishuka. Nilisikia miguu yake ngazini: mmoja mzima, mmoja wa kuburuta. Kwenye ile ngazi ya tano akasimama kidogo, akaivuka. Nilitoka nikasimama hatua moja kutoka pembe ile, nikausukuma ukingo kwa ncha ya kiatu. Ukajikunja bila sauti, kipande kizima kikaanguka majini.

Miguu ikafika chini. Ikagusa ngazi ya mwisho.

"Umekula wewe?"

Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake.

"Nimekula, Mama," nikasema. "Nimeshiba kabisa. Nenda."